Kuazima Ngozi kwa Kidole Jirani

Ukipita asubuhi na mapema katika mtaa wa Mikelenge, hapa Kindu, utakutana na vijana wanaosukuma baiskeli, au kinga kama tuziitavyo sisi, zimelemewa na mikungu ya ndizi, magunia ya mpunga na madumu ya mawese. Wengine wametembea siku tatu au nne toka vijijini. Kijana mmoja wa hao ndiye aliyenifanya niandike habari hii. Mnyororo wa baiskeli yake ulitoka. Akainama kuurudisha, mwenzake akizungusha pedali, mara mnyororo ukashika kidole chake cha shahada, mkono wa kuume, ukakivuta hata kwenye meno ya chuma. Alipokitoa, kucha ilikuwapo na mfupa ulikuwapo, tena ulionekana mweupe kama punje ya mchele. Nyama ya tumbo la kidole ndiyo iliyokwisha kuondoka.

Mjomba wake alifanya upesi yale aliyoyajua. Alikata ukanda wa mpira wa gurudumu, akakifunga kidole kwenye shina lake kwa nguvu, kisha akajaza jivu katika jeraha. Damu ilikoma, ni kweli. Walakini siku ya pili, walipofika kwa mganga, kidole kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi-cheusi, na kijana hakulala usiku kucha. Mwuguzi alikata mpira kwanza, akaliosha jivu kwa maji mengi, akamdunga sindano ya kuzuia pepopunda. Daktari akawaambia warudi kila siku kusafishwa, na siku ya tano ndipo alipotoa shauri lake.

“Mzee,” akamwambia mjomba, “njia ni mbili. Naweza kukata pingili ya mwisho, na baada ya wiki tatu hivi mtoto arudi kazini. Au naweza kuazima ngozi ya kidole cha kati, nikafunika mfupa huu, na kidole kibaki na urefu wake.”

Mjomba alinyamaza kitambo, akajibu, “Daktari, kidole kimoja ndicho kilichoumia. Na wewe wataka kutuumizia na cha pili?”

Swali lile halikunitoka moyoni. Si swali la mjinga. Ni swali ambalo watu wameliuliza kwa namna mbalimbali kwa muda wa mamia ya miaka: je, ni haki na ni akili kujeruhi penye uzima ili kuponya palipo pabaya? Nikaanza kutafuta jinsi waganga walivyojifunza kazi hii ya kufunika vidole, nami naona habari yenyewe inafaa kusimuliwa kwetu. Maana katika vitabu vya historia mikono ya Wakongo imetajwa hasa kwa kukatwa. Katika siku za mfalme Leopold, askari walitakiwa kuleta mkono uliokatwa kuwa ushahidi wa kila risasi waliyoitumia. Taarifa ya Roger Casement ya mwaka 1904, na picha alizopiga mke wa mchungaji mmoja Mwingereza, Alice Harris, kule Baringa, zilitangaza aibu hiyo dunia nzima. Mikono iliyokatwa imeandikwa sana. Mikono iliyotengenezwa haijaandikwa hivyo.

Kwanza tutazame kidole chenyewe. Geuza mkono wako. Ngozi ya mgongo wa kidole ni nyembamba na legevu. Ukiibana kwa vidole viwili inainuka. Ngozi ya tumbo la kidole ni nene, ina mistari, ina jasho, wala haiteleziteleziki, kwa kuwa nyuzi ngumu zimeifunga na mfupa ulio chini yake. Katikati ya nyuzi hizo yamewekwa mafuta laini kama mto mdogo wa kulalia. Na humo ndani mishipa ya fahamu ni mingi kupita karibu mahali pote pa mwili. Ndiyo sababu mama aweza kuchagua mchele gizani akajua lipi ni jiwe, na fundi cherehani huijua nguo kabla hajaitazama. Twasema kidole kimoja hakivunji chawa, na ni kweli, lakini hata viwili haviwezi kumvunja ikiwa matumbo yake hayana nyama wala fahamu.

Tena ngozi ndiyo nyumba ya vilivyo ndani. Mfupa usiofunikwa hukauka na kufa. Kano, zile kamba nyeupe zinazokunja na kunyosha vidole, hufa upesi zaidi. Zikikaa wazi siku chache, huwa kama uzi uliooza. Kwa hiyo jambo la kwanza la mpasuaji wa vidole ni hili: atapata wapi kifuniko?

Zamani hakukuwa na kifuniko. Mji wetu wa Kindu uliinuka kwa mto na kwa reli. Njia ya gari-moshi ya Kindu hata Kongolo, kilomita 355, ilikamilika karibu mwaka 1910, na yeyote aliyepata kuona watu wakiunganisha mabehewa kwa mikono ajua vidole vinavyoponzwa na kazi ile. Wakati ule dawa ya kidole kilichosagwa, huku kwetu na hata Ulaya, ilikuwa kisu. Mganga alikipunguza kidole mpaka ngozi iliyobaki itoshe kuufunika mfupa, akashona. Haikuwa ukatili. Hakuwa na njia nyingine iliyo salama, kwa maana dawa za kuua vidudu vya jeraha zilikuwa chache, na mgonjwa aliyebaki na jeraha wazi aliweza kupoteza mkono mzima, au uhai wake.

Walakini wazo la kuazima mwili lilikuwapo tangu kale. Wakristo wa zamani walisimulia habari za Watakatifu Kosma na Damiano, waganga wasiopokea malipo. Masimulizi hayo, yaliyoenea sana Ulaya karne ya 13, yasema kwamba walimtokea mtu mmoja wa Roma usingizini, wakamwondolea mguu uliooza, wakampa mguu wa mtu mweusi aliyezikwa siku ile. Ni hadithi, si taarifa ya hospitali. Nami kila niionapo picha yake, na picha zake ni nyingi, huwa najiuliza kwa nini hakuna aliyemwandikia yule maiti mweusi jina lake. Lakini tuyaache hayo.

Waliofanya kwa mikono yao, si katika ndoto, walikuwa Wahindi. Watu wa jamii ya wafinyanzi kule Bara Hindi walijua kutengeneza pua iliyokatwa kwa kushusha ngozi ya paji la uso. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilieleza habari ya mwendesha ng'ombe wa jeshi la Waingereza, jina lake Cowasjee, aliyekatwa pua na watu wa Tipu Sultan akatengenezewa nyingine. Na Italia, katika mji wa Bologna, Gaspare Tagliacozzi alikuwa amekwisha kuchapa kitabu mwaka 1597 juu ya kutengeneza pua kwa ngozi ya mkono. Aliinua kipande cha ngozi ya mkono bila kukikata chote, akakishona puani, na mgonjwa akakaa wiki mbili au tatu mkono wake umefungwa kichwani. Ndipo alipokata shina.

Hapo ndipo penye siri yote, nami naomba msomaji anisikilize vizuri. Ziko namna mbili za kuhamisha ngozi, na mkulima yeyote wa Maniema azijua zote mbili bila kusoma udaktari. Ya kwanza ni ile ya muhogo. Unakata kijiti, hakina mzizi, unakichomeka udongoni, nacho kinakunywa maji ya udongo mpya mpaka kinaota. Hivyo ndivyo alivyofanya Jacques-Louis Reverdin, Mswisi aliyekuwa Paris, mwaka 1869: alichukua vipande vidogo vya ngozi, akavilaza juu ya jeraha, vikashika. Lakini kijiti cha muhogo hakioti juu ya jiwe. Vivyo hivyo ngozi iliyokatwa kabisa haishiki juu ya mfupa mtupu wala juu ya kano iliyo uchi, kwa kuwa hapo hapana damu ya kunywa.

Namna ya pili ni ya viazi vitamu. Shina la matembele hutambaa juu ya udongo, likagusa chini mahali papya, likatoa mizizi hapo huku bado linanyonya kwa mama yake. Likiisha kushika, waweza kulikata, nalo halifi. Ngozi ya Tagliacozzi ilikuwa ya namna hii, na ngozi ya mfinyanzi wa Kihindi pia. Inabaki na shina lake, na ndani ya shina hupita damu. Kwa sababu hiyo yaweza kulazwa hata juu ya mfupa.

Twaweza kudhani kwamba watu waliojua hayo mwaka 1597 wangeyatumia kwa vidole mara moja. Haikuwa hivyo. Ilibidi zije vita mbili kubwa.

Katika vita ya kwanza Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alitengeneza nyuso za askari Waingereza zilizopasuliwa kwa mizinga. Katika vita ya pili akaja binamu yake, Archibald McIndoe, naye pia wa New Zealand, na huyu ndiye tutakayekaa naye kidogo, kwa sababu njia yake ilifika mpaka Afrika yetu. Alipewa kazi katika hospitali ya mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa Uingereza, mwaka 1939. Waliletwa kwake marubani walioungua ndani ya ndege, nyuso na mikono.

Wakati ule dawa iliyosifiwa kwa majeraha ya moto ilikuwa tanini, ile iliyomo katika maganda ya miti na majani ya chai, ambayo watengenezaji wa ngozi huitumia kugeuza ngozi ya mbuzi kuwa ya viatu. Mganga mmoja wa Detroit, Marekani, aliieneza tangu mwaka 1925, na kila mtu akaisadiki. Ilipakwa juu ya jeraha, ikakauka kuwa gamba gumu. Juu ya tumbo au paja labda haikudhuru sana. Lakini juu ya vidole! Gamba lilibana kama gome la mti, damu haikupita, vidole vikajikunja ndani ya kiganja, na vingine vikafa. McIndoe aliona ya kuwa wavulana wale walipoteza vidole si kwa moto tu bali kwa dawa. Akaona tena jambo la pili: marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Maji ya chumvi yalikuwa yamewaosha. Basi akaitupa tanini, akawaweka katika maji ya chumvi yenye uvuguvugu, akafunika majeraha kwa kitambaa laini chenye mafuta kisichogandamana na nyama, na mapema iwezekanavyo akapandikiza ngozi. Alipigana na wakubwa wake kwa jambo hilo, naye hakuwa mtu wa maneno matamu.

Nimeikumbuka habari hii kwa ajili ya jivu la yule mjomba. Tusimcheke. Maprofesa wa Ulaya walipaka gome la mti vidole vya askari wao kwa muda wa miaka 15, wakidhani wanasaidia. Kinachokausha jeraha hupendeza macho, lakini kidole hakipendi kukaushwa.

Wagonjwa wa McIndoe walianzisha chama chao mwaka 1941, wakakiita kwa jina la simbilisi, yule mnyama mdogo ambaye ndugu zetu wa Kivu humfuga kwa nyama, na ambaye waganga humtumia kujaribia dawa. Maana walijiona kuwa wa kujaribiwa. Mwandishi wa chama walimchagua mtu aliyeungua vidole vibaya, ili asiandike habari ndefu za mikutano; na mtunza fedha wakamchagua aliyeungua miguu, ili asiweze kukimbia nazo. Watu wanaocheka hivyo wamekwisha kupona nusu.

Sasa tuvuke kuja Afrika. Mwingereza mmoja, Michael Wood, alikuwa amefika Kenya mwaka 1946 kufanya kazi ya upasuaji. Baadaye alikwenda kujifunza kwa McIndoe. McIndoe naye alikuwa na shamba chini ya Kilimanjaro. Hao wawili pamoja na Mmarekani Thomas Rees, aliyekuwa amejifunza East Grinstead pia, waliona neno moja: mgonjwa mwenye mkono uliokunjamana kwa moto, au uliotafunwa na mnyama, hawezi kutembea kilomita mia nne kumfuata fundi wa ngozi mjini Nairobi. Basi fundi na amfuate mgonjwa. Mwaka 1957 wakaanzisha kazi ya madaktari warukao kwa ndege, iliyokuja kujulikana kwa jina la AMREF. Wood mwenyewe alirusha ndege yake, akashuka katika viwanja vya majani karibu na hospitali za misioni, akapasua siku nzima pamoja na mganga wa mahali, akaruka tena. McIndoe alikufa mwaka 1960, Wood mwaka 1987, lakini kazi haikukoma.

Jambo ninalolipenda katika habari ya Wood si ndege, ingawa watoto wetu wangependa ndege. Ni kwamba kila aliposhuka alimwachia mganga wa mahali kitu cha kufanya yeye akiisha kuondoka. Na kwa bahati njema, miaka ileile waganga wa mikono walikuwa wamekwisha kuvumbua njia zisizohitaji chombo cha thamani.

Mganga wa Marekani, Sterling Bunnell, aliandika mwaka 1944 kitabu kikubwa juu ya upasuaji wa mkono, na jeshi la nchi yake likaweka vituo vya kutengeneza mikono katika hospitali zake. Mwaka 1950 Gurdin na Pangman wakaeleza njia ya kuchukua ngozi ya kidole kimoja kufunika kingine, na mwaka uliofuata Cronin akaeleza zaidi. Hii ndiyo njia aliyoitaja daktari wa Kindu. Hufanywa hivi. Kidole kilichoumia ni cha shahada, tuseme, na nyama yake ya tumbo imeondoka. Mpasuaji huchora mraba juu ya mgongo wa kidole cha kati, pingili ya katikati. Hukata pande tatu, akaiinua ngozi kama mtu afunguaye jalada la kitabu, akiacha upande mmoja umeshikamana. Chini yake huacha utando mwembamba unaoifunika kano, wala haugusi. Kisha hulala jalada lile juu ya tumbo la kidole cha shahada, akalishona. Mahali palipobaki wazi juu ya kidole cha kati hupandikizwa ngozi kwa namna ya muhogo, iliyotoka mkononi au pajani. Nayo hushika, kwa kuwa utando ule una damu. Vidole viwili hukaa vimeshonwa pamoja kwa muda wa wiki mbili au tatu. Matembele yakiisha kutoa mizizi, hukatwa.

Chombo gani kimehitajika? Kisu, sindano, uzi, mkasi mdogo na dawa ya ganzi. Wala si lazima kumlaza mgonjwa usingizi. Kwa muda mrefu waganga walifundishwa kwamba ganzi yenye adrenalini, ile inayopunguza damu kutoka, isidungwe kamwe kidoleni kwa kuwa itakiua. Ilikuwa ni hofu iliyorithiwa toka kitabu hata kitabu. Mwaka 2005 Donald Lalonde wa Kanada na wenzake walitoa hesabu ya wagonjwa zaidi ya 3000 waliodungwa mikononi na vidoleni, wala hakuna hata kidole kimoja kilichokufa. Tangu hapo, kazi nyingi za mkono hufanywa mgonjwa akiwa macho, akizungumza na daktari wake, hata akiambiwa akunje kidole ili kano ijaribiwe kabla jeraha halijafungwa. Kwa mahali penye waganga wa usingizi wachache, jambo hili si dogo.

Njia nyingine nazitaja kwa haraka. Ikiwa ncha ya kidole imekatwa wima, ngozi ya chini yaweza kukatwa kwa umbo la herufi V na kusukumwa mbele, na jeraha likashonwa likawa kama Y. Mwitalia Tranquilli-Leali aliieleza mwaka 1935, na Atasoy akaitangaza sana tangu 1970. Ikiwa mkono umechunwa mahali pakubwa, hushonwa kinenani kwa wiki tatu, njia ambayo McGregor na Jackson waliifafanua mwaka 1972. Mgonjwa hulala vibaya, huoga kwa shida, na watu humcheka; lakini huondoka na mkono. Tena mara nyingine njia bora ni kutofanya neno. Cynthia Illingworth wa Sheffield, Uingereza, alionyesha mwaka 1974 kwamba watoto waliokatika ncha za vidole, mbele ya kiungo cha mwisho, wakifunikwa tu kwa kitambaa safi bila kushonwa, nyama huota tena na kidole karibu kirudie umbo lake. Mama aliyebanwa mtoto wake kidole na mlango na alijue hilo kabla hajaruhusu kisu.

Na kukiunga tena kidole kilichokatika kabisa? Yawezekana. Wajapani Komatsu na Tamai walikirudisha kidole gumba cha mtu katika mji wa Nara mwaka 1965, wakiunganisha mishipa midogo ya damu kwa msaada wa darubini. Ni kazi ya ajabu, yenye uzi mwembamba kuliko unywele, na usiku mrefu wa wauguzi wengi. Walakini watu wa mitaa kama Mikelenge hawaponi kwa kusifu darubini ya Nara. Wanapona kwa njia za mwaka 1950, zikifanywa vizuri na mapema. Hata kipande kilichokatika kisitupwe. Kiletwe kimefungwa katika kitambaa safi chenye unyevu, maana daktari asiye na darubini aweza kukitoa ngozi yake akaipandikiza.

Ipo tofauti moja kati ya kufunika kidole na kukiponya, nayo tuliifundishwa na wenye ukoma. Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa Bara Hindi, alianza kutengeneza mikono ya wakoma kule Vellore miaka ya 1940 mwishoni. Watu wote walidhani ukoma huozesha vidole. Yeye akatazama mchana na usiku, akaona kwamba vidole vile vilipotea kwa majeraha: sufuria ya moto, ufunguo uliozungushwa kwa nguvu mno, hata panya waliowatafuna wagonjwa usiku wamelala wasisikie kitu. Akawagawia paka. Maumivu yalikuwa mlinzi, na mlinzi alikuwa amekufa. Baadaye Brand alishiriki katika kuanzisha hospitali ya ALERT huko Addis Ababa mwaka 1965, na masista wetu waliotunza makambi ya wakoma katika Afrika nzima wameyaona hayo kwa macho yao.

Basi wapasuaji wakaanza kuuliza: ngozi hii niliyoiweka, je, yasikia? Erik Moberg wa Uswidi alisisitiza kwamba kidole gumba kisichosikia ni kipofu, na Littler wa Marekani, miaka ya 1950, akahamisha kipande cha nyama toka kidole cha pete hata gumba pamoja na mshipa wake wa damu na wa fahamu, kama mtu ahamishaye taa bila kukata waya. Ngozi ya kidole jirani haiji na waya wake. Fahamu hurudi polepole, mwezi kwa mwezi, ikiingia toka kandokando, wala hairudi yote.

Haya yote daktari wa Kindu hakuyasimulia kwa yule mjomba. Alimjibu kwa ufupi, naye hakumdanganya. Alisema: kidole cha kati kitapata kovu. Mtoto asipokizoeza kitakauka kiungo. Mzee wa miaka sitini nisingemfanyia, maana viungo vyake vingekaza katika wiki zile za kufungwa. Na kama kijana huyu angekuwa na watoto watano na hana wa kumlisha, labda ningemshauri akate pingili arudi kazini, wala isingekuwa aibu. Lakini ana miaka 19, hajaoa, na kidole hiki ndicho cha kushikia kalamu na sindano na breki. “Ngozi ya mgongo wa kidole inapatikana tena, Mzee. Ya tumbo haipatikani.”

Mjomba alimtazama kijana. Kijana akasema, “Mjomba, niache nijaribu.”

Walikaa siku 18 na vidole viwili vimeshonwa, na katika siku hizo majirani walisema mengi. Wengine walisema daktari amefunga uchawi. Wengine walikuja kutazama tu. Mjomba ndiye aliyemlisha, kwa mkono wake, ugali na sombe. Siku ya kutenganisha, vidole vilikuwa vikavu kama vijiti, na kwa majuma kadhaa kijana alivikunja ndani ya maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, akilia mara nyingine. Mwezi wa nne alianza kusikia kitu cha moto. Mwezi wa saba alitofautisha noti mpya na noti kuukuu bila kuangalia.

Nilikutana naye tena barabarani juzi-juzi, anasukuma mzigo. Nikamwomba anionyeshe. Jambo moja vitabu vya Wazungu hawalitaji sana, kwa kuwa kwao halionekani: viganja vyetu ni vyeupe na migongo ya mikono ni myeusi. Basi tumbo la kidole chake cha shahada ni jeusi, mraba mmoja mweusi katika kiganja cheupe, na juu yake umeota unywele mmoja. Alicheka akaukamata kwa vidole vya mkono wa pili, akauvuta, akasema, “Unauma,” kisha akashika usukani wa baiskeli yake akaendelea na safari.